Watu Mia Nne Nyuma ya Mwalimu

Kwangu hakukuwa na kioo cha nyuma. Nililiamua jambo hilo miaka tisa iliyopita, wiki ile ile niliyofungua karakana, pale mteja wangu wa tatu alipogeuka akajiona alivyo kwa nyuma, akakaa kwenye kiti cha cherehani, akalia mpaka nikashindwa kuendelea. Nilikichukua kioo kile nikakisukuma stoo, nyuma ya majora ya vitambaa. Kikabaki kimoja tu, cha mbele, kirefu, ambacho nilikiinamisha kidogo ili mtu ajione ameongezeka kimo. Tangu siku hiyo imani yangu ilikuwa moja: mpe mwanamke mbele nzuri, ya nyuma ataisahau.

Wateja wangu ni wanawake wenye miili. Sisemi vibonge, na anayelitamka neno hilo mlangoni kwangu namwonyesha njia aliyojia. Nawavisha kwa harusi, kwa mahafali, kwa karamu za kazini, kwa siku ile moja ambayo mtu anajua atapigwa picha na hana pa kujificha. Mimi mwenyewe ni mwenzao. Kati ya meza ya kukatia na mashine ya pili pana kijia kimoja, na mimi na wifi yangu tukikutana hapo, kila mmoja lazima avute tumbo lake ndipo tupishane. Wifi ni mke wa kaka yangu, fundi wa shanga, mwenye vidole vya ajabu na sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia. Huimba tangu anapoingia mpaka anapotoka. Nimemwambia mara nyingi kwamba kaka yangu alimwoa siku aliyokuwa na mafua masikioni. Hunijibu kwamba kaka yangu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kujua kitu kizuri.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili na ushee kufika Jumamosi ya onyesho la kwaya wakati muuguzi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alipomleta mama yake. Alimleta kwa kumshika mkono, kama mtu anayempeleka mtoto kuchomwa sindano. Mama huyo nilimjua. Mji mzima unamwita Mwalimu, ingawa darasani alistaafu zamani, kwa sababu ndiye anayeongoza kwaya yetu kubwa kwa mwaka wa ishirini sasa. Nilikuwa nimemwona jukwaani mara kadhaa, daima ndani ya joho jeusi pana, lenye mikono mizito iliyomfunika mpaka vidoleni.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sikai, nimeletwa."

Muuguzi ndiye aliyenieleza. Kwaya ilikuwa inatimiza miaka ishirini, ukumbi mkubwa umekodiwa, viti mia nne, na kamati imeamua waimbaji wote thelathini wavae nguo rasmi za jioni. Mwalimu aliomba abaki na joho lake. Kamati ikamjibu kwa heshima zote kwamba haiwezekani wanaoongozwa wanametameta, anayewaongoza amevaa gunia. Mwalimu naye akawajibu kwamba kama ni hivyo, msaidizi wake ataongoza. Msaidizi huyo ni daktari wa meno, mwembamba kama msumari, mtu mwema sana, ila akipunga mikono mbele ya kwaya utadhani anafukuza nzi.

"Akimwachia Jumamosi hiyo, dada, hatarudi tena," muuguzi akaninong'oneza wakati mama yake akitazama vitambaa. "Namjua mama yangu. Kwaya ndiyo imebaki kumtoa nyumbani."

Kisha akanieleza ya joho. Miaka kumi na mmoja iliyopita Mwalimu aliongoza akiwa na gauni la kawaida, la maua. Wimbo ulipokwisha, akiwa bado amewapa watu mgongo, mwanamume mmoja wa safu ya mbele alisema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye amelipa aje kutazama kwaya, ameishia kutazama makalio. Safu nzima ikacheka. Mwalimu aligeuka, akainama kushukuru kama kawaida, akaondoka. Wiki iliyofuata akashonesha joho.

Ningemjua mwanamume huyo ningemtafuta siku hiyo hiyo na mkasi wangu mkononi. Nilimwambia Mwalimu hapo hapo kwamba nitamshonea gauni ambalo mji huu haujaliona, na kwamba akiingia ukumbini watu watasahau walichokuja kufanya. Niliambiwa kila kitu wazi, msomaji, na masikio yangu yakasikia, lakini kichwa changu kilishakimbilia shingo ya gauni, kifua cha gauni, shanga za kifuani.

Alitaka jeusi. Nikakataa. Tulibishana muda mrefu juu ya rangi, yeye akirudi kwenye nyeusi na mimi nikifungua jora hili na lile, mpaka nilipofungua krepu nzito ya rangi ya damu ya mzee, nikamwekea begani mbele ya kioo. Uso wake wote uliwaka. Hakusema ndiyo, alisema tu kwamba huenda kitambaa hicho kingempendeza mwenzake mwenye umbo, nami nikachukulia hiyo ndiyo ndiyo yenyewe.

Kumpima ilikuwa kazi. Aliegemea ukuta na hakutaka kuuacha. Nilimpima kifua, kiuno, nyonga, nikiupenyeza utepe nyuma yake kama mtu anayetoa kitu chini ya kabati, na nilipomwomba ageuke alisema kwamba nyuma yake haina jipya, nikadirie. Nikakadiria. Wengi hufanya hivyo kwangu na sijawahi kulazimisha mtu, nikajiona hata muungwana. Alipokuwa anaondoka akaniwekea sharti lake.

"Nitalivaa kwenye mazoezi ya mwisho, Ijumaa. Nikiona siliwezi, nitampigia simu daktari pale pale, na wewe usinikasirikie."

Nikasema sitakasirika. Nilidanganya.

Zile wiki mbili zilikuwa tamu, sina haja ya kuficha. Kuna nguo unaishona na kuna nguo inayokuvuta. Wifi alipanga shanga kifuani moja moja, ndogo, za rangi ya shaba, zikianzia mabegani na kukutana katikati kama maji yanavyokusanyika, huku akiimba kwa sauti ya mlango unaohitaji mafuta. Nilimwambia ananikoroga, akaniambia nitie pamba masikioni. Kila aliyeingia dukani alisimama mbele ya lile gauni kwenye mdoli wa nguo akashika mdomo. Nilianza kupanga moyoni maneno nitakayosema watu wakiniuliza ni kazi ya nani.

Jumatano ya wiki ile ya onyesho Mwalimu akaja kujaribu. Alivaa nyuma ya pazia, akatoka akijishika tumbo, akasimama mbele ya kioo changu. Nilimwona akijitazama kidogo kidogo, kwanza miguuni, kisha kiunoni, kisha kifuani kwenye zile shanga, na mwisho usoni. Akatabasamu. Akasimama wima zaidi. Nilifurahi mpaka nikaangusha kibweta cha pini, zikatawanyika sakafuni nyuma yake, nikapiga magoti kuziokota.

Na wifi, kwa furaha yake, akaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo ambao kwaya ya Mwalimu huuimba kila mara, na wifi aliushika kwa chini, akapanda pasipopandwa, akakwama. Mwalimu alivumilia mstari mmoja. Wa pili ukamshinda. Bila hata kumtazama wifi, macho yake bado kwenye kioo, mikono yake miwili ikapaa kumrekebisha.

Nilisikia mshono wa kwapa la kulia ukiachia. Mimi niko chini, magoti kwenye sakafu, pini mkononi, na mbele ya uso wangu pindo la gauni lile likapanda kutoka sakafuni mpaka katikati ya miundi. Mgongo mzima ukajikunja mikunjo ya mlalo, zipu ikapinda kama njia ya mlimani, kiuno nilichokijenga kwa siku tano kikahamia chini ya mabega. Kwa mbele, kiooni, alikuwa bado malkia. Kwa nyuma alikuwa amevaa pazia lililonaswa mlangoni.

Ndipo nikaelewa nilipo. Nilikuwa nimepiga magoti pale pale ambapo Jumamosi watakaa watu mia nne.

Mwongoza kwaya hana mbele. Mbele yake wanaiona waimbaji wake peke yao, na hao wameizoea. Nimefanya kazi hii miaka tisa, nimevisha maharusi na wakuu wa idara na mke wa balozi mmoja, na sikuuliza swali ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeuliza: mama huyu siku hiyo atasimama vipi, na atafanya nini kwa mikono yake? Shanga zote za wifi, siku tisa za vidole vyake, nilikuwa nimeziweka mahali ambapo hakuna atakayeziona isipokuwa daktari wa meno.

Mwalimu alishusha mikono taratibu. Hakuwa ameona chochote kwa nyuma, kwa kuwa hapakuwa na kioo cha kuonea, lakini aliusikia mshono na aliziona nyuso zetu. Tabasamu likaondoka.

"Basi, mwanangu," akasema. "Umejitahidi." Akaanza kuitafuta zipu mgongoni, na mkono wake haukufika.

Nimewahi kukosea kabla ya hapo. Nimewahi kumshonea mtu mikono miwili ya kushoto. Lakini sijawahi kuona aibu kama ya siku ile, kwa sababu nilijua kitu anachokiwaza: kwamba ni mwili wake uliopasua gauni. Nikainuka, nikasimama mbele yake, nikamwambia mwili wake hauna kosa hata moja. Kosa ni langu. Nimemshonea gauni la mwanamke wa kusimama mlangoni kupokea wageni, na yeye si mwanamke huyo. Nikamwambia anipe mpaka Ijumaa saa sita mchana. Na nikamwambia kwamba sasa hivi nitampima upya, na safari hii atageuka.

Alisema hapana. Nikasema basi nami nitasimama hapa mlangoni, na kwa umbo langu tuone atapitia wapi. Wifi akacheka kwanza, kisha Mwalimu naye, kidogo, kwa pua. Akashika ukingo wa meza ya kukatia, akafumba macho kabisa, akageuka.

Nilimpima akiwa ameshusha mikono, nikampima akiwa ameinua, nikampima akiongoza, maana nilimwambia wifi aimbe tena na Mwalimu hakuweza kujizuia. Kutoka kwapani hadi kiunoni, mikono chini, sentimita ishirini. Mikono juu, ishirini na saba. Zile saba ndizo nilizomnyima. Joho lina nafasi ya hizo saba, lakini mikono yake ni mizito. Ndiyo maana hata ndani ya lile joho, sasa nilikumbuka, siku zote aliongoza viwiko vikiwa vimebana mbavuni, kama mtu anayeogopa kumgusa jirani kwenye foleni.

Alipoondoka tulitazamana na wifi. Nilitaka kumwomba radhi kwa ajili ya shanga. Yeye alikuwa ameshachukua kisu cha kufumulia.

Alhamisi tulianza alfajiri. Nilitoa mikono, nikatoa zipu, nikafumua mgongo wote. Nikakata mgongo mpya, si kwa vipande viwili kama kawaida bali sita virefu, vinavyoanzia mabegani na kushuka mpaka sakafuni bila kukatwa kiunoni, ili kila mshono umfuate alivyo, uingie anapoingia na utoke anapotoka, bila kumwonea haya. Zipu nikaihamishia ubavuni ambako mkono wake unafika. Chini ya kila kwapa nikaweka kipande cha pembe nne, kilichokatwa mshazari, ambacho mkono ukishuka kinajikunja na kupotea, ukipanda kinafunguka. Na ndani nikamjengea kijigauni kingine kifupi, cha kitambaa kigumu, kinachomshika kiunoni kwa dhati, ili mikono ya juu ifanye itakalo na kiuno kisihame.

Wifi alizifumua shanga zake zote, moja moja, akazimimina kwenye sahani. Kisha akazishona upya mgongoni. Nyingi kidogo kwenye shingo, halafu zikishuka katikati ya mgongo kwa mstari mmoja unaopungua, unaopungua, mpaka shanga ya mwisho peke yake pale chini ya kiuno. Siku nzima hakuimba. Nilipomuuliza ana nini akasema anahesabu. Mchana kaka yangu alituletea chakula, akatukuta tumeinama kila mtu na upande wake wa gauni, akakiweka juu ya kiti akaondoka kwa ncha za vidole.

Ijumaa asubuhi niliingia stoo. Nilihamisha majora, nikakikuta kioo changu cha zamani kimejaa vumbi, nikakifuta, nikakileta nje na kukisimamisha kikabiliane na kile cha mbele. Kisha nikajitazama mwenyewe. Miaka tisa sikuwa nimeuona mgongo wangu. Nilikaa pale kitambo, nikigeuka huku na huku, na wifi akajitia hamnazo.

Saa sita kasorobo Mwalimu akafika na binti yake. Alipoona vioo viwili akasimama mlangoni. Nikamwambia sitamficha kitu, na kwamba asipopenda, simu ya daktari iko kwenye mkoba wake. Akaenda nyuma ya pazia. Zipu ya ubavuni aliipandisha mwenyewe, tukaisikia.

Alisimama katikati ya vioo macho yakiwa chini. Kisha akayainua, akajiona kwa nyuma, na akakaa hivyo muda mrefu sana. Sikuweza kujua anawaza nini. Nilianza kuona mshono ambao haukuwa na kasoro una kasoro.

"Wewe wifi," akasema hatimaye, bila kugeuka. "Imba."

Wifi akaimba, vibaya, kwa moyo wote. Na Mwalimu akainua mikono. Ilipanda juu ya mabega, ikapanda juu ya kichwa, ikafunguka, na vipande vya kwapani vikafunguka nayo, na zile shanga zikacheza mgongoni kama mvua kwenye dirisha, na pindo, pindo lile ambalo nilikuwa nalikodolea macho, halikusogea hata upana wa kidole. Aliongoza beti zote nne. Alimwongoza wifi yangu mpaka wifi yangu, nakuapia, akaimba mstari mmoja wa sawasawa. Muuguzi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Jioni ile ya Ijumaa tuliwafuata kwenye mazoezi, mimi na mkoba wangu wa sindano, kukagua mishono. Ukumbi ulikuwa mtupu. Nilikaa kwenye viti vile mia nne peke yangu na wifi, nikawaona waimbaji wakiduwaa kwa dakika ya kwanza, si kwa sababu ya gauni, bali kwa sababu ya mikono. Hawakuwahi kuiona ikifika pale juu. Alipoifungua, sauti zao zikafunguka. Alipoishusha kidogo kidogo, ukumbi mzima ukashuka nayo mpaka nikasikia saa ya ukutani. Daktari wa meno alitoka akijifuta uso kwa leso. Nilirudi nyumbani nikiwa nimelewa bila kunywa.

Jumamosi viti vyote vilijaa. Mimi na wifi tulikaa safu ya tatu, tumejipamba, tumebanwa na viti visivyojali watu wa miili yetu, roho zetu juu. Waimbaji wakaingia wakimetameta. Watu wakapiga makofi. Kisha akaingia Mwalimu.

Amevaa joho.

Wifi alinikamata mkono akaniumiza. Joho lile lile jeusi, limefungwa kishikizo kimoja shingoni, na chini yake damu ya mzee ikichungulia kiasi cha vidole viwili. Nilimwelewa papo hapo, na kumwelewa hakukunisaidia kitu. Ijumaa nyuma yake vilikuwa viti. Leo nyuma yake walikuwa watu. Akainama haraka haraka, akageukia kwaya yake, akainua mikono.

Yaani alijaribu kuiinua. Ile mikono ya joho ilikuwa mizito, na ikafika kifuani ikakwama, viwiko vikarudi mbavuni mahali pao pa miaka kumi na mmoja. Lakini kwaya haikuwa ile ya zamani. Tangu jana ilikuwa inasubiri mikono mikubwa. Sauti za kwanza zikaingia mapema, za pili zikachelewa, daktari wa meno akaimba neno zima peke yake, akatahayari. Wimbo ulikwenda ukichechemea mpaka ukaisha. Watu wakapiga makofi ya adabu. Mtu mmoja nyuma yangu akakohoa, na mimi nikajiinamia, sikutaka kuona.

Mwalimu hakugeuka kushukuru. Alisimama pale, ametupa mgongo, kwa muda mrefu kiasi kwamba watu walianza kutazamana. Aliwatazama watu wake thelathini, nao walimtazama yeye. Sijui aliona nini katika nyuso zile. Nilichokiona mimi ni mkono wake wa kulia ukipanda shingoni, ukatafuta kile kishikizo, ukakifungua.

Joho likashuka. Alilikunja mara mbili, bila haraka, akamkabidhi daktari wa meno, naye akalipokea akalitundika kwenye mkono, na kwa onyesho lote lililobaki aliimba hivyo, joho mkononi kama mhudumu wa hoteli.

Taa za jukwaani zilikuwa zinampiga mabegani, na mwili wake wote ulikuwa pale mbele yetu, mpana, mzima, umesimama ndani ya mistari sita iliyonyooka, na shanga za shaba zikishuka katikati. Nilijiandaa kwa kicheko. Nilikuwa nimeshageuza shingo kumtafuta atakayecheka, na Mungu anisamehe, nilikuwa na pini mkobani.

Hakucheka mtu. Akainua mikono, juu ya mabega, juu ya kichwa, na waimbaji thelathini wakaingia kama mtu mmoja.

Siwezi kuusimulia wimbo ule. Nilikuwa natazama pindo. Nyimbo tisa, na pindo halikupanda. Wifi alilia tangu wa pili mpaka wa tisa, akajipangusa kwa ushungi wangu badala ya wake. Mwishoni watu walisimama wote, na Mwalimu alipogeuka kuinama, hakuinama haraka. Alibaki ameinama akapokea makofi yake, akainuka, akawageukia tena waimbaji ili nao wapewe yao, na kwa kufanya hivyo akatupa mgongo tena, kwa raha zake, mikono ikiwa kiunoni.

Jumanne asubuhi nilikuta wanawake watano wananisubiri mlangoni, na mmoja wao alikuwa mwanajeshi. Nilikuwa katikati ya kuwagawia viti Mwalimu alipoingia na mfuko. Ndani yake kulikuwa na joho. Akaniambia bitana yake bado ni nzima, nione kama litamfaa mtu. Kisha akasema kwaya imealikwa mji mwingine baada ya miezi miwili, na anataka gauni la pili.

Nikachukua utepe. Kwa mazoea ya miaka tisa nikamsogelea kwa mbele, nianzie kifuani. Lakini Mwalimu alikuwa ameshageuka, amesimama katikati ya chumba, mbali na ukuta, mbele ya vioo viwili na wanawake watano, mikono yake juu.

"Anzia huku," akasema.

Nikaanzia huko.